Tindo Zilizofuliwa Juani

Jumatatu, 2 Septemba
Esha ataona. Daktari wa macho kasema leo asubuhi: kipande cha chuma kimetoka, mboni haikuguswa. Bado macho yote mawili yamefungwa; mimi ananijua kwa sauti na mkwaruzo wa kalamu tu. Bandeji zinatoka Ijumaa.

Esha huvunja mawe Lugoba. Wiki iliyopita tindo, patasi ya kupasulia mawe, ilimpasukia mkononi, kipande kikamruka jichoni. Aliyeifua ni shemeji yangu Msabaha, mume wa dada Zaina. Tangu siku ile Zaina alikuwa hali chakula. Nilipompa habari alikaa sakafuni, akasema alhamdulillah, kisha akauliza kama kuna wali.

Jumanne, 3 Septemba
Msabaha analaumu chuma. Eti Taherali, mwenye duka la vyuma, kamuuzia springi mbovu za lori za kufulia tindo, na mji mzima umeshasikia. Nikaenda dukani. Shikamoo, marahaba. Taherali hakupandisha sauti.

"Ananunua kwangu tangu baba yangu yu hai. Leo ndiyo zimeoza? Avunje, atazame ndani. Na Zaina msalimie. Mumewe, hapana!"

Jumatano, 4 Septemba
Msabaha kavunja tindo mbili mbele yetu. Iliyofuliwa Julai ilikaidi, ikapinda kwanza. Ndani punje laini, kijivu. Ya Agosti — tak! kama muhogo mkavu. Ndani punje kubwa, kama chumvi ya mawe. Springi ile ile ya lori moja.

Zaina ndiye aliyeuliza: "Mabati si uliyaezua Agosti?"

Ndivyo. Mabati ya banda la kufulia yalikuwa yameliwa na kutu. Akafua juani akisubiri mapya. Wahunzi hufulia kivulini kwa sababu chuma husomwa kwa rangi. Kikifika rangi ya chungwa kimelainika, kinafuata nyundo. Juani, rangi hiyo huonekana nyekundu iliyofifia. Mtu anazidisha moto, mpaka chuma kinatoa cheche. Hapo kimeungua, na kilichoungua hakitengenezeki tena.

"Cheche niliziona," Msabaha akasema. "Nikadhani za mkaa."

Jioni kaenda kuomba radhi. Taherali: "Umenisingizia barazani, unaniomba radhi stoo?" Wakatoka barazani. Akarudia kwa sauti. Akapewa chai.

Alhamisi, 5 Septemba
Mabati mapya yamepigwa. Msabaha anafua tangu asubuhi. Hakuna cheche.

Ijumaa, 6 Septemba
Bandeji zimetoka. Esha kanitazama kichwani. "Kumbe mwandishi mwenyewe una mvi!" Daktari akacheka. Mimi pia.

Lakini tindo za Agosti bado ziko machimboni, na kwa nje hazitofautiani na nyingine. Msabaha anataka azirudishe zote, atoe mpya. Wenzake Esha wanagoma kushika kazi ya Msabaha. Esha katoa sharti: "Mpya azigonge mwenyewe kwanza, kila moja, kwenye jiwe letu. Bila miwani ya kukinga macho, kama sisi. Tutasimama mbali."

Nimemfikishia Msabaha. Aliweka nyundo chini. Kisha: "Haki yao."

Zaina amesikia yote. Anasema naye anakuja.

Kesho saa nne, Lugoba.