Fyuzi ya Kijani

Uwanja wa zahanati, nyuma ya tangi la maji,
Jumatatu, baada ya chai ya asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mdogo wako sijambo, ukiacha mgongo, na huo umelalamika tangu tukiwa watoto kwa hiyo usiuhesabu. Presha yako inaendeleaje? Wifi bado anakuficha chumvi? Mwambie asichoke. Nisalimie wajukuu wote, hasa yule aliyeng'oka meno ya mbele, maana nimesikia anapiga mluzi siku nzima na umeshamkataza mara tatu.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kaka, kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, na nikikaribia kiini cha habari unaniambia ngoja kidogo, kuna mtu mlangoni. Karatasi haikatizwi. Basi kaa kitini, vaa miwani, usome mpaka mwisho kabla hujaanza kunijibu hewani kama ilivyo desturi yako. Dereva wa gari la dawa anapita huko kwenu kesho na ameahidi kukukabidhi mkononi, kwa hiyo itakufikia kabla ya hiyo Jumamosi unayotaka kuja.

Barua uliyomwandikia mume wangu, shemeji yako, ilifika Alhamisi. Nitaieleza, lakini kwanza nataka ujue tunaishije humu ndani, kwa sababu wewe unaliita hili gari kibanda cha magurudumu na hujawahi kupanda hata ngazi yake.

Sikudanganyi, gari hili linanichosha. Lilikuwa gari la kupima macho kabla halijawa nyumba, na mpaka leo mlango wa kabati la nguo una zile herufi, kubwa juu na ndogo chini, hivyo kila nikitafuta kanga napimwa macho. Asubuhi kabla ya chai kuna orodha ya kazi kama ya wodini. Kupanda juu ya paa kufuta kinyesi cha ndege kwenye sola, maana ndege mmoja tu akijisaidia vizuri siku nzima hatuna chaji. Kupaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi kuona kama unavuja. Kutazama pembe za dari kama maji yamepenya. Kuweka mbao chini ya matairi ili gari likae sawa, kwa sababu likiinama upande, friji inagoma na maji ya sinki yanarudi kunitazama. Kumwaga tangi la choo, kazi ambayo shemeji yako huifanya bila neno na mimi humshukuru bila neno.

Hiyo ni siku njema. Siku mbaya ni za umeme. Humu mna betri mbili, moja ya kuwasha injini na nyingine ya nyumba, yaani taa, pampu ya maji, friji na cherehani yangu. Mwezi wetu wa kwanza humu, shemeji yako akikanyaga breki, taa ya chooni ilikuwa inawaka. Akipiga honi, pampu inanguruma. Tulihangaika siku tisa. Alifungua kila swichi, akakunja kila zulia, akalala chali chini ya gari mpaka watu wakamzoea wakawa wanamsalimia miguu. Mwisho akakuta bolti moja chini ya kiti cha dereva, imeliwa na kutu, ndiyo iliyoshikilia waya ambao umeme wote wa gari hurudi kwa kupitia huo. Umeme ulipokosa njia yake ukawa unapita popote, kama wageni waliokosa mlango. Akaisugua kwa msasa, akaikaza, breki ikarudi kuwa breki. Nikadhani tumemaliza. Wiki iliyofuata taa ya ngazini ikakataa kuzimika, ikainyonya betri mchana kutwa, tukaamka friji imelowa na maziwa yameganda.

Mimi nilikuwa fundi cherehani wa hospitali miaka thelathini na moja, unajua. Nimeshona mashuka ya wagonjwa ambao wameshapona wakawa na wajukuu. Cherehani ikigoma najua inataka nini. Gari hili sikujua linataka nini, na hilo ndilo lililokuwa linaniudhi kuliko hata kazi yenyewe.

Sasa nifike kwenye moto.

Ilikuwa Jumanne ya wiki mbili zilizopita, saa nane mchana. Zahanati hii ilinipa magauni arobaini ya wagonjwa niyarekebishe, na muuguzi mkuu aliyahitaji asubuhi ya Jumatano. Cherehani yangu hula umeme mwingi ikianza kukimbia. Shemeji yako alishaniambia, na akarudia, kwamba nikishona nisiwashe pampu wala friji, kwa sababu vyote vinapitia waya mmoja mwembamba nyuma ya kabati, na fyuzi ya waya ule ni ndogo, ile ya bluu. Fyuzi ile ilikuwa imekatika mara tatu siku hiyo. Ya mwisho ilipokatika akaniambia za bluu zimekwisha, niache kushona, anakwenda kuchota maji, akirudi atapita dukani.

Kinachofuata, kaka, wewe hukuambiwa hivi. Uliambiwa kwamba shemeji yako aliweka fyuzi isiyofaa. Alikupigia mwenyewe akakuambia kwa mdomo wake, na ndipo ukakaa chini ukamwandikia kurasa nne.

Siye aliyeiweka. Ni mimi.

Aliondoka na madumu yake mawili. Mimi nikabaki na magauni kumi na saba ambayo hayajaguswa. Nikafungua mkebe wa vifaa, nikapekua, nikakuta fyuzi ya kijani, umbo lile lile, upana ule ule. Nilijua ni kubwa kuliko ya bluu. Namba zake zilikuwa zinaonekana wazi, thelathini badala ya kumi na tano, na mimi kusoma najua. Nilijiambia fyuzi kubwa ni fyuzi imara. Nikaichomeka. Cherehani ikaimba. Nikawasha na friji, kwa kuwa kulikuwa na joto, na nikafungua maji ninawe mikono, pampu ikanguruma nayo, na hakuna kilichokatika. Nilifurahi, kaka. Nilikaa pale nikishona na kusema moyoni kumbe huyu mzee ananitesa bure.

Harufu nilidhani ni ya pasi. Nikaigusa, ikawa ya baridi. Nilipogeuka, moshi ulikuwa unatoka kwenye mlango wa kabati, mweusi, umenyooka. Nilisimama nikiutazama, na gauni mkononi. Sijui nilisimama muda gani. Shemeji yako aliuona kutoka bombani. Walioshuhudia wanasema aliangusha madumu akakimbia kama hana miaka sitini na nne. Alinishika begani akanisukuma nje, akafungua kabati, na kwa kuwa spana ya kufungulia betri ilikuwa chini ya rundo la magauni yangu, alizishika zile waya kwa mkono mtupu akazing'oa. Plastiki ilikuwa inayeyuka. Ikamganda kiganjani.

Moto ulizimika pale pale. Ziliungua nguo zangu mbili, magauni kumi na moja ya zahanati, na mkono wake wa kulia. Muuguzi mkuu alimtibu mwenyewe na hakuniuliza neno kuhusu magauni, jambo lililoniumiza zaidi ya kuulizwa.

Siku ya pili akaja fundi umeme. Ni mwanamke wa makamo, watu humwita Bi Mita kwa sababu hutembea na mita ya umeme imening'inia shingoni kama daktari na kifaa chake cha kusikilizia moyo. Alipiga magoti kwenye kabati, akatazama, kisha akachomoa ile fyuzi ya kijani akainyanyua kwenye mwanga. Haikuwa na hata doa. Waya umekuwa mkaa, fyuzi nzima. Akasema fyuzi ni mlinzi wa waya, kazi yake ni kufa kwanza. Ukiweka mlinzi asiyekubali kufa, anayekufa ni mwenye nyumba. Halafu akauliza ni nani aliyeiweka.

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Naapa ulikuwa wazi. Lakini shemeji yako alishasema, "Ni mimi. Nilikuwa na haraka."

Bi Mita akamgombeza, kaka. Akamgombeza dereva aliyebeba nguo za hospitali miaka ishirini na sita bila kugonga hata ukuta, akamwambia mtu mzima hovyo, akamwambia angemchoma mke wake. Yeye akaitikia kila neno, na mkono wake mweupe kwa bendeji umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Mimi nikamimina chai.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini, hakutaka kuongea sana. Alisema, "Kaka yako alishaniona mjinga tangu siku ya posa. Wewe bado anakuona una akili. Tusimpotezee vyote viwili." Akacheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikukupigia simu. Siku zikapita, na kila siku iliyopita ilifanya ya kesho yake iwe ngumu zaidi.

Kisha barua yako ikaja, jina lake juu ya bahasha. Kwa mkono ule hakuweza kuifungua wala kuzishika karatasi, akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Kurasa zote nne, kaka, kwa sauti yangu hii. Nikamwambia mume wangu kwamba ni mzembe. Nikamwambia kwamba amemtoa mtoto wa watu kwenye nyumba ya matofali akamweka kwenye bati aje ammalize. Nikamwambia kwamba marehemu baba alimkubali kwa huruma. Nilipofika hapo nilinyamaza, akaniambia endelea, mwandishi hajamaliza. Nikaendelea mpaka sahihi yako. Akasema, "Kaka yako anaandika vizuri," akaniomba niikunje kwa mikunjo yake ya mwanzo.

Nikaikunja.

Na wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, basi acha niyaoge yote. Unaamini shemeji yako ndiye aliyenitoa nyumbani. Siyo. Yeye alitaka kustaafu akae barazani alime mchicha. Mimi ndiye niliyeliona gari hili, mimi nikamwambia tulichukue, mimi nikamsihi miezi mitano. Sababu ni wewe. Usikasirike kwanza. Nyumba yangu na yako zimepakana ukuta mmoja, na kwa miaka yote hiyo umeingia kwangu kama chumba chako cha nne. Pazia ulichagua wewe. Mti wangu wa ndimu uliukata ukiwa na nia njema. Ulipokuwa unasema jambo mezani kwangu, mume wangu alikuwa anatoka nje kutazama gari ambalo halina tatizo. Nilikupenda na ninakupenda, kaka, uliniosha nikiwa mchanga na ulinisomesha. Lakini nilitaka kufika uzeeni nikiwa nimewahi kuamua jambo, hata kama ni jambo baya. Nikashindwa kukuambia, nikamwacha yeye abebe lawama hiyo pia. Fyuzi ilikuwa mzigo wa pili. Wa kwanza alikuwa anaubeba mwaka mzima.

Basi Jumamosi usije na lori la kuvuta gari ulilotishia kwenye barua. Gari linatembea. Bi Mita alirudi kwa siku tatu, nikamwambia ukweli wote, akanivika mita yake shingoni akasema kama ni hivyo mwanafunzi wake sasa ni mimi. Tumepitisha waya mnene mpya, cherehani sasa ina njia yake na fyuzi yake. Kila waya nimeufunga uzi wa rangi: mwekundu wa taa, njano wa pampu, samawati wa friji. Jana pampu ilikohoa ikanyamaza, na kabla mume wangu hajanyanyuka nilikuwa nimeshapata tatizo, kiungo kilicholegea chini ya sinki. Nilimtukana pampu huyo kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa kaka yangu. Gari hili bado linanichosha, nakuambia kweli. Ila sasa linanichosha kwa mambo ninayoyajua.

Magauni kumi na moja nimeshona upya yote, na muuguzi mkuu ameyapokea. Mkono wa mume wangu unapona, ingawa vidole viwili bado havikunji na daktari hasemi lolote la uhakika. Anakula kwa mkono wa kushoto, anamwaga nusu, na hataki nimlishe. Yeye hajui kwamba nakuandikia. Nimemwambia naandika orodha ya vipuri.

Njoo Jumamosi, kaka, lakini njoo kama mgeni. Njoo na wifi, nitawapikia. Mume wangu atatoka kukupokea, atainama kama anavyoinama kwako siku zote, na atakupa mkono wa kushoto akiomba radhi kwa kufanya hivyo. Ninakuomba kitu kimoja tu, na katika maisha yangu sijakuomba vingi kwa sababu ulikuwa unanipa kabla sijaomba. Kabla hujanisalimia mimi, kabla hujakagua matairi, mshike mkono huo, umwambie umekosea. Mbele yangu. Nami nitamwambia baada yako, kwa maana kosa ni langu na wewe ulimkosea kwa sababu yangu tu.

Wasalimie wote wa huko, majirani kwa wapangaji. Mungu akuweke, akupunguzie presha, akuzidishie subira utakapomaliza ukurasa huu.

Ni mimi, mdogo wako,
niliyekuacha umtukane mtu asiye na kosa.