Mama na Wafula kwa Kadi Moja

Jumamosi, Kitale

Kadi imetoka. Hata rangi nyekundu imekubali, na nilikuwa nimeanza kuigombeza printa.

Kwa kompyuta nilikuwa nimeunganisha picha mbili: mamangu wa Bungoma na mume wangu Wafula, bega kwa bega, chini yao "Krismasi Njema". Wafula akashtuka. "Ati umenisimamisha na mama mkwe? Si ataona sina heshima, bana."

Kweli, kwetu Wabukusu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Furaha ilinisahaulisha. Nikaweka watoto katikati. Akasema bado ni karibu. Nikaongeza ng'ombe.

Naogopa Mama atanuna. Lakini tangu tuoane sijawahi kuwaona hao wawili wakisimama mahali pamoja. Sasa wako kwa karatasi moja, na wote wanacheka.