Anwani Tatu, Barua Moja

Jumamosi, Juni 1975

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule mkavu wa Usangu unaopasua midomo na kuingiza vumbi hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Dirisha nimeliziba kwa gunia. Nimepika chai mara mbili, na mara zote mbili nimeiacha mpaka ikapoa.

Nina hasira, nina aibu, na sina wa kumwambia. Ndiyo maana naandika humu.

Nianze na mambo ya barua, kwa kuwa ndiko yote yalikoanzia. Tangu niletwe kufundisha hapa kijijini nimeshakuwa na anwani tatu. Mtu asiyenijua angedhani natafutwa na polisi.

Ya kwanza ilikuwa ya rafiki yangu wa chuoni anayekaa Uyole. Alinipokelea barua vizuri, ila alizitunza vizuri zaidi. Nilikuwa nazikuta kabatini kwake chini ya vitambaa vya mezani, zingine zina miezi miwili, naye ananiambia kwa uso mkunjufu kabisa, "Nilijua utakuja tu."

Nikahamia anwani ya kanisa, huko huko Uyole. Hapo barua hazilali. Tatizo ni mzee wa kanisa anayezigawa mlangoni baada ya ibada. Anaishika bahasha mbali na macho, anasoma jina kwa sauti, halafu anaongeza ya kwake. "Hii inatoka Iringa. Mwandiko wa kike huu, atakuwa mdogo wake." Usharika mzima unageuka kunitazama. Mara moja alitangaza kwamba barua yangu ni nyembamba, na akina mama wakanipa pole.

Kwa hiyo mwezi wa tatu nikaandika nyumbani kwamba sasa watumie anwani ya ofisi ya kijiji. Nilijiona nimepata ufumbuzi. Ofisi iko hatua mia moja kutoka mlangoni kwangu, na katibu wetu ni mtu msafi, mwenye utaratibu, hajawahi kupoteza karatasi.

Utaratibu wake ndio ulioniponza.

Katibu anafungua kila kitu. Kwake sanduku la posta ni la ofisi, basi kinachoingia ni cha ofisi. Bahasha hazitupi, kwa kuwa karatasi ni shida siku hizi. Anazifungua kwa wembe pembeni, anazigeuza nje ndani, anazigundisha upya na kuzitumia tena. Kilichokuwa ndani anakipanga. Chenye taipu na muhuri kinakwenda kwenye jalada. Cha wino kinakwenda kwa mwenyewe. Cha penseli kinakwenda kwenye kikapu cha kisomo, ambacho ni changu, maana jioni nafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na kijiji hiki chote wanaoandika kwa penseli ni wanafunzi wangu na watoto wa shule.

Haya nimeyajua leo. Ningeyajua mapema ningeandika humu habari nyingine.

Sasa la baba.

Sijawahi kuliandika hili, hata humu. Mwaka juzi washenga walikuja nyumbani kwetu Mlandege, Iringa, kuleta posa ya karani mmoja. Baba alikuwa amekubali. Mimi sikutaka, na badala ya kusema sitaki nikaenda jikoni kama wengine, nilisimama katikati ya sebule mbele ya wageni nikamwambia baba kwamba yeye hajui kusoma hata jina lake, atajuaje mume anayemfaa mwalimu.

Wageni walitazama chini. Baba alinyanyuka, akachukua kofia yake, akatoka nje kuangalia kuku.

Wiki hiyo hiyo niliondoka kuja huku, na hakunisindikiza stendi. Krismasi iliyopita nilimwandikia kuomba radhi, kurasa mbili. Nilijua mdogo wangu Anyesi ndiye atakayemsomea, nikaona haya, nikafuta nusu. Jibu halikuja. Januari halikuja, Pasaka halikuja. Tangu mwezi wa tatu, kila Jumatatu nilikuwa napita ofisini na kujifanya nauliza chaki.

Niseme ukweli, nilishaanza kuzoea. Mtu unajiambia kwamba baba si mtu wa barua, hajawahi kuwa, kwa hiyo kimya chake hakina maana yoyote. Halafu jua linazama, wafugaji wanarudi na ng'ombe wao wakiitana kwa Kisukuma, na wewe umekaa kizingitini hujui hata neno moja wanalosema.

Leo nilipata lifti ya lori la mchele mpaka Uyole. Nilikwenda kununua mafuta ya taa, nikapita kanisani kwa mazoea tu. Mzee wa kanisa akanipa barua ya Anyesi, iliyotumwa kwa anwani ya zamani. Yule mtoto sijui nimwambie mara ngapi. Safari hii namshukuru Mungu kwa usahaulifu wake.

Niliisomea nyuma ya duka la mafuta, nimeupa upepo mgongo. Anyesi ameandika kwamba baba anauliza kila siku mbona sijamjibu. Kwamba alianza kisomo mwaka jana bila kumwambia mtu, akawa anaaga anakwenda kwenye mazoezi ya kwaya, na baba haimbi. Kwamba mwezi wa tano aliniandikia barua mwenyewe, kwa penseli, siku nne mezani, na mtu akisogea anaifunika kwa mkono. Kwamba aliipeleka posta kwa miguu yake na hakutaka mtu amwandikie hata anwani.

Sikumbuki nilirudije kijijini. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa katibu, nikamkuta anakula. Nikamuuliza kama mwezi uliopita ilikuja barua yangu kutoka Iringa.

"Kutoka Iringa ilikuja moja, Mwalimu. Ila ile haikuwa barua, ilikuwa kazi ya kisomo. Mimi nikionaga penseli najua ni ya watu wako. Nilikuwekea kikapuni."

"Na bahasha?"

"Bahasha si tuliitumia."

Alisema bila wasiwasi wowote, akanikaribisha ugali. Sikuweza hata kumgombeza.

Maana nilishakumbuka. Mwezi wa tano niliwapa wanakisomo zoezi: mwandikie barua mtoto wako aliye mbali. Wengi wao wamehama na mifugo kutoka kaskazini na wameacha watoto huko, nikaona watakuwa na la kuandika. Zilikuja karatasi kumi na tisa. Wanafunzi ni kumi na wanane.

Ile moja haikuwa na jina. Niliisahihisha pamoja na zingine, nikaipeleka darasani, nikauliza ni ya nani. Nikamsukumia Mzee Shija, kwa kuwa yeye husahau jina lake kila mara. Akaisoma polepole kwa kidole mpaka mwisho, akanirudishia.

"Hii siyo yangu, Mwalimu. Huyu ana mahindi. Mimi nina ng'ombe."

Nikacheka. Darasa zima likacheka. Nikaitupia tena kikapuni.

Sikuujua mwandiko wa baba kwa sababu baba hajawahi kuwa na mwandiko.

Sasa iko hapa mezani. Nainakili kama ilivyo, nisije nikajidanganya baadaye kwamba haikuwa mbaya hivyo.

"Mwanangu mpenzi. Salamu. Mimi mzima. Mama yako anakohoa kidogo. Mahindi yamekomaa. Yale maneno yameisha. Njoo nyumbani. Mimi baba yako."

Na pembeni mwandiko wangu mwekundu, mzuri, wa kishule. Kwenye "Yale maneno yameisha" nimeandika: "Maneno gani? Eleza." Kwenye "Njoo nyumbani": "Lini? Taja siku." Chini kabisa: "Barua haina anwani wala jina la mwandishi. Jitahidi zaidi." Tano juu ya kumi.

Tano. Shija nilimpa saba.

Nimelia, kisha nikachukua karatasi nimjibu. Nimeandika "Baba yangu mpenzi" nikakwama hapo. Siyo kwamba sina maneno. Nimejikuta naanza tena kuwaza anwani, nitume kwa njia gani ifike upesi, nimwambie ajibu kupitia wapi, ofisi au kanisa au yule rafiki wa kabati. Muda wote huu nimehangaika kutafuta sanduku linalofaa, na yeye yuko Iringa, mwendo wa siku moja kwa basi. Naona sikuwa natafuta anwani. Nilikuwa naogopa kwenda.

Baba alitaja kila kitu alichoweza kukitaja. Mimi nikamwambia aeleze.

Kesho asubuhi nitakwenda kusimama barabara kuu nisubiri basi. Ruhusa nitaomba kwa katibu nikipita, na kama ataitaka kwa maandishi nitamwandikia kwa penseli aitie kikapuni.

Jambo moja limenisumbua jioni nzima. Kitu cha kwanza baba atakachouliza ni kama barua yake ilinifikia, na cha pili atataka kuiona, kwa kuwa mtu aliyeandika barua yake ya kwanza lazima atataka kuiona. Nimefikiria kusema imepotea. Ingekuwa rahisi, watu wote wanajua barua hupotea. Nimefikiria kuiandika upya kwa penseli, safi, bila wino wangu. Nilifika mpaka kuchonga penseli.

Sitafanya hivyo. Nimeikunja, nimeitia ndani ya Biblia, na Biblia iko kwenye kikapu cha safari. Akiiomba nitampa na wino wake wote. Akikasirika, akasirike nikiwa mbele yake.