Kurasa za Buluu Nilizoziruka

Jumatatu, 1 Septemba
Vitabu kumi na vinne vimerudi, vyote vya katuni. Kimoja kina mchuzi. Nimekifuta kwa kitambaa cha maji, nimekianika dirishani.

Halafu barua ya wachapishaji wa Nairobi. Mfululizo wa "Binti Radi" basi. Toleo la kumi na moja ndilo la mwisho, nalo limeishia Binti Radi kafungiwa mnarani na mji wake unaungua. La kumi na mbili halitatoka. "Kipepeo wa Chuma" pia wameusitisha. Sababu hawakutaja.

Bwana Mwakio, mkuu wetu wa maktaba, ataka orodha: aliyependa hiki ajaribu kile. Asema hakuna aijuaye kazi hii kama mimi. Kweli. Miaka kumi na tisa nimekaa kona hii ya vijana hapa Bondeni, na sijampa mtoto kitabu nisichokisoma mwenyewe kwanza.

Aliposema hivyo niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa sina wa kumwambia. Macho yangu hayako sawa.

Jumatano, 3 Septemba
Nasoma kwa ajili ya orodha. Maandishi meusi juu ya nyeupe nayaona. Meupe juu ya rangi nzito yanazama. Maneno ya pembeni mwa ukurasa siyaoni mpaka nigeuze kichwa kizima kama kuku. Jicho la kushoto ni baya zaidi.

Leo nimegonga kigari cha vitabu kwa nyonga. Kilikuwa palepale kinapokaa siku zote.

Marehemu mama alianza hivihivi. Kugonga milango. Tukamcheka. Alipofika miaka sitini alikuwa akishikwa mkono kwenda msalani. Mimi nina hamsini na sita.

Ijumaa, 5 Septemba
Wamekuja wanaolalamika. Omondi, karani wa bandarini, amesimama mbele ya meza yangu kama mtu aliyefiwa. Huazima "Kipepeo wa Chuma" akisema ni vya watoto wake. Hana watoto, na sote twajua. Nimempa mfululizo wa fundi wa reli anayezungumza na vyuma. Ameondoka ameridhika.

Baada ya alasiri kaja Nasra. Ana miaka kumi na nne, kwao ni Mji wa Kale. Kakake, Imran, alizama mwaka jana akiogelea na wenzake nyuma ya Ngome. Miezi mitatu mtoto huyu hakusema na mtu. Alikuwa akija hapa, akikaa kwenye kiti cha ukutani na "Binti Radi", kisha akienda zake. Neno la kwanza nililomsikia akisema tangu msiba lilikuwa "La tano liko?"

Leo ameuliza, "Bi Zaituni, na mimi nisome nini sasa?"

Nimempa "Askari wa Chumvi". Msichana, nguvu za ajabu, mji wa pwani. Nimemwambia kitamfaa.

Katikati mna kurasa nne za buluu iliyokolea, maandishi meupe. Niliziruka. Nilijiambia ni mapigano tu.

Jumatatu, 8 Septemba
Nasra hakuja. Hajawahi kukosa Jumatatu.

Jumanne, 9 Septemba
Nikirudi nyumbani, pikipiki imetokea kwenye kichochoro upande wa kushoto. Sikuiona kabisa. Nilisikia breki, nikahisi joto la injini mguuni, buibui likavutwa. Kijana aliyeendesha akashuka. "Mama, si ulikuwa waniangalia?"

Nilikuwa nimegeukia upande wake. Kweli. Nilikuwa nikimtazama.

Nimefika nyumbani nikafunga mlango kwa komeo, mchana kweupe. Sijui nilikuwa nikimfungia nani.

Jumatano, 10 Septemba
Mamake Nasra amekuja. Bi Khadija. Mtu mpole, hujibu salamu hadi mwisho wake. Leo hata kuketi hakuketi.

"Mwanangu yuwalia tangu Ijumaa," akasema. "Hali chakula. Kile kitabu amekikumbatia, nikitaka kukichukua apiga ukelele. Nimekitazama alipolala. Mna mtoto mwanamume azama baharini, na dadake yuko ukutani amwona. Umempa hicho mwanangu?"

Nikasema sikujua.

"Si wewe husoma vyote?"

Akangoja. Kisha akaondoka.

Tuna nakala ya pili. Nimeitoa hadi mlangoni penye jua, nikaishika karibu na pua. Kurasa nne za buluu. Si mapigano. Ni mkono, halafu vidole, halafu maji matupu. Dada asimama juu ya ukuta, kinywa wazi. Hana nguvu zozote pale. Zilikuwa bado hazijamjia.

Nimekaa kwenye ngazi za maktaba. Nilijua hazisomeki kwangu. Nilijua mtoto ni nani. Nikampa, maana niliogopa kusema sioni.

Alhamisi, 11 Septemba
Sikwenda kazini. Nimetuma neno tumbo laniuma. Uongo.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimemwambia Bwana Mwakio. Yote, pamoja na tumbo. Amevua miwani yake akaishika mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Hakupayuka, na hilo lilinitisha zaidi. Ameichukua orodha yangu iliyobandikwa rafuni, akaikunja. Akasema niende hospitali ya macho Jumanne, kazi tutaizungumza baadaye. Hakusema tutazungumza nini. Sikuthubutu kuuliza.

Nikiiacha kazi hii nitakuwa nani? Mjane mwenye redio.

Jumanne, 16 Septemba
Hospitali. Foleni ya wazee, kila mmoja na mtu wake. Mimi peke yangu.

Waliniweka kidevu juu ya mashine. Ukiona nukta ya taa, bonyeza. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Halafu nikawa naisikia mashine ikitika, tik, tik, tik, na mbele yangu giza. Ilikuwa ikiwasha taa. Nilijua inawasha. Kidole kilikauka juu ya kitufe. Nilitaka kubonyeza kwa uongo ili yule binti wa vipimo asijue.

Daktari ni mwanamke kijana. Presha ya macho. Amechora duara, akalipaka wino ukingoni: hapa pamekwisha. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone yaweza kukilinda kilichobaki, nikiitia kila siku bila kukosa.

Nimemuuliza kuhusu mama. Asema yaelekea alikuwa na ugonjwa huuhuu, na wakati ule pengine hakuna aliyempima.

Nilifika nje nikasimama tu. Muuza madafu akanipa kigoda chake.

Jumatano, 17 Septemba
Nimekwenda kwa Bi Khadija. Nilipita mlango mara mbili kabla ya kupiga hodi.

Nimemwambia kwamba zile kurasa sikuzisoma, na kwa nini. Kwamba si kweli kuwa husoma vyote, si tena. Alinisikiliza mikono mapajani. Kisha akauliza, "Na ulijua hukuzisoma?"

"Nilijua."

Ameleta chai na mahamri. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Nasra alikuwa chumbani, pazia limeshushwa. Niliona miguu yake chini ya pazia. Hakutoka.

Jumatatu, 22 Septemba
Matone. Yanachoma kidogo. Bwana Mwakio ameamua nibaki kwenye kona mpaka mwisho wa mwaka, kisha tutaona. Ameniletea taa ya meza kutoka ofisini mwake, akaichomeka mwenyewe bila kusema kitu.

Orodha nimeiandika upya. Sasa ina sehemu mbili: nilivyovisoma, na nisivyovisoma. Ya pili ni ndefu. Omondi amesimama akaisoma yote, kisha akasema wa fundi wa reli unaharibika kuanzia toleo la nne, niliandike hilo. Nimeliandika.

Bado naogopa. Asubuhi nikifumbua macho hutazama kwanza ukingo wa dari, kama upo.

Ijumaa, 26 Septemba
Nasra kaja. Saa kumi na robo, sare ya shule, amekonda. Ameweka "Askari wa Chumvi" mezani.

"Nimekisoma mara tatu," akasema. "Nilikuwa nangoja afufuke."

Nilielewa. Katika vitabu hivi hafi mtu akafa. Watamzika toleo la pili na la tano yuko juu ya paa. Binti Radi mwenyewe alikufa mara mbili.

"Hakufufuka," nikasema.

"Hakufufuka." Akakigeuza kitabu mezani. "Na hakuna aliyemwambia dadake asilie. Mama alidhani nalia kwa kuwa kitabu ni kibaya."

Sikufanya vyema. Nilibahatika tu, tena baada ya kumliza mtoto siku nyingi na kumtisha mamake. Hilo sitalisahau.

Akauliza kama kipo kingine kama hicho. Nikamwambia kipo, pengine viwili, lakini sijavisoma, na macho yangu hayavimudu. Akanitazama usoni, jicho moja kisha la pili.

"Huoni kabisa?"

"Naona. Wewe nakuona."

Akaenda rafuni. Alikaa huko muda mrefu, akichomoa na kurudisha. Amerudi na kimoja ambacho sijakifungua hata mara moja, jalada la kijani. Nikakigonga muhuri wa tarehe. Akakitia mkobani, akasema, "Asante, Bi Zaituni," akatoka. Nilimfuata kwa macho hadi mlangoni, hadi alipoingia upande nisiouona.