Batobato kwenye mbegu ya mkwe

Jumanne usiku

Na chaki yote imeisha bure! Nimewachorea wakulima wa Makote kirusi cha ugonjwa wa batobato ya muhogo, cha jenasi ya Begomo: viduara viwili vilivyoungana kama karanga pacha, DNA imejikunja ndani. Nikawaeleza kwamba jenasi hiyo ina spishi nyingi, nazo hutofautishwa kwa kusoma DNA, si kwa kutazama jani. Nikawaambia pia wachome mbegu yoyote yenye ugonjwa.

Wakaitikia vizuri. Kisha Mama Somoe akasema, "Bibi shamba, muhogo wangu wenye majani ya kukunjamana hauumwi. Ndiyo aina yake. Mbegu nilipewa na mkwe wangu."

Wote wakamuunga mkono. Mbegu ya mkwe nani ataichoma?

Nimerudi nimenuna. Nyumbani nikamkuta mama mkwe ametoka Lisekese na mzigo wa pingili za muhogo kwa ajili ya shamba letu jipya. Vijani vilivyobaki juu vina mabaka ya njano, vimekunjamana.

Bibi shamba mzima, nikapiga goti, nikapokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mama."

Kesho anataka tuzipande pamoja, na mpaka sasa sijamwambia kwamba zina batobato.