Minazi Kumi na Miwili Isikatwe Ijumaa

Sofu, Kibaha
Jumatatu jioni

Baba yangu, shikamoo.

Nakuamkia kutoka uani kwa Shangazi, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu viti vyote vimejaa nguo za kukunja. Hamjambo nyote? Mguu wa Mama umepungua uvimbe? Mwambie asiukande kwa maji ya moto sana, atajibabua. Bibi naye anakula, au bado anasema kila kitu kina chumvi? Sisi huku wazima. Kikohozi changu kimeniacha. Shangazi ana mafua lakini hayamzuii kusema.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako, Baba, huisikii mpaka uweke spika, na ukiweka spika Baba Mdogo Ramadhani huwa yupo papo hapo, ananijibia kabla sijamaliza salamu. Kwa hiyo barua hii nampa Mama Rukia, jirani yetu anayekuja huko kununua mihogo. Nimemwomba akupe mkononi, si kwa mtu mwingine.

Ina neno moja kubwa, na nalisema sasa hivi kabla woga haujanirudia. Sikubali minazi yangu ikatwe Ijumaa. Hata mmoja unaozaa, sikubali.

Unaikumbuka Idi mosi, baada ya pilau. Nilikuwa naosha masufuria mkaniita barazani. Ulikuwepo wewe, Baba Mdogo, na yule bwana wa mbao mwenye chenso, ambaye sikuwa nimepata kumwona. Nikakaa pembeni kabisa ya mkeka, kichwa chini. Baba Mdogo akasema, "Sauda mwanangu, ile minazi kumi na miwili ya bondeni marehemu babu yako alikupa wewe siku ya arubaini yako, mbele ya watu. Shamba letu, minazi yako. Sasa baba yako anataka kuezeka nyumba bati, anahitaji mbao za kenchi. Huyu bwana atakata na kupasua, nusu yake nusu yetu. Unasemaje?"

Moyoni nilisema hapana. Naapa, Baba, nililisema lote, na sababu zake. Lakini mdomo ukawa kama umeshonwa. Nikawa nachuna ukindu wa mkeka, nachuna tu.

Yule bwana akauliza, "Mbona binti hasemi?"

Baba Mdogo akacheka. "Bwana we, mtoto wa kike akinyamaza amekubali. Hata mama yake aliolewa hivyo hivyo!"

Mkacheka wote. Hata wewe, Baba, ulicheka. Mkapeana mikono, ikasomwa Fatiha, mimi nikarudi kwenye masufuria yangu.

Baba, kile kimya hakikuwa kukubali. Kilikuwa woga. Ukivitazama kwa nje vinafanana, najua, lakini mimi ndiye niliyekuwa ndani. Na kingine: ningekuwa mtoto wa kiume, kimya kile kile mngekiita kiburi, mngeniuliza mara ya pili.

Lakini kosa la kwanza ni langu, lazima nikiri. Hili sijamwambia mtu, hata Mama.

Mwaka huu darasani, kwenye kipindi cha jiografia, mwalimu alituuliza kwa Kiingereza watu wa kwetu wanajengea vitu gani. Neema, ninayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Sauda, nyie Kisarawe si bado mnalala chini ya makuti kama popo?" Wa nyuma wakasikia, wakacheka. Nikasema, "Kwetu bati. La bluu." Sikujua hata hilo bluu nimelitoa wapi. Toka siku hiyo kila Neema akitaja kwetu huongeza "kwenye bati la bluu", na mimi naitikia kwa kichwa.

Ndiyo maana siku moja kabla ya Idi nilikuuliza, "Baba, na sisi tutaezeka bati lini?" Uliinua macho ukatazama makuti, hukujibu kitu. Nami nikajiambia, Baba amekubali. Unaona, Baba? Nami nilikisoma kimya chako nitakavyo. Labda uliumia. Labda ndipo ulipokwenda kumtafuta Baba Mdogo, na Baba Mdogo akamtafuta mtu wa chenso. Kwa hiyo sikulaumu. Uongo wangu wa darasani ndio uliokuja kukaa pale barazani kama mgeni, na kofia yake. Uongo nimeuleta mimi, na mimi ndiye ninayeufukuza.

Sasa nikuambie kilichonifungua mdomo. Jumamosi asubuhi Shangazi alikuwa anachoma vitumbua hapo mlangoni, mimi nakuna nazi. Nikamwambia, nikiwa nimeinamia sinia, "Shangazi, minazi inakatwa Ijumaa."

"Minazi ipi?"

"Ya bondeni. Yangu."

"Nani kasema?"

"Baba Mdogo. Niliulizwa, nikanyamaza."

Akaacha kumimina unga. "Ukanyamaza! We mtoto, huo mdomo unaulisha tu, kazi yake nyingine huijui?" Akaninyooshea upawa. "Hebu niambie, hili gunia la nazi la kila mwezi linatoka wapi?"

"Kwa Baba."

"Baba yako ana minazi gani? Yake si ilikauka yote kwa ule ugonjwa, imebaki nguzo tupu? Hizi ni zako. Tangu umekuja hapa kidato cha kwanza hujala bure hata siku moja. Tui la vitumbua, lako. Vifuu tunavyokokea moto, vyako. Ufagio huo, chelewa zako, mama yako anafunga anatuletea. Mafuta unayojipaka kichwani ukaenda shule unang'aa kama sahani ya harusi, yako. Hata huu upawa ninaokutishia nao ni kifuu chako!"

Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri vitumbua akasema, "Mama, vinaungua." Vikaungua kweli, sita. Shangazi akavila mwenyewe kwa hasira.

Baba, kwa nini hukuniambia? Miaka mitatu nimeishi nyumba hii nikinyata. Nikipewa kipande cha pili cha samaki nasema nimeshiba. Daftari likiisha naandika pembezoni, kwa kuwa naona aibu kuomba kwa mtu anayenilea. Kumbe nilikuwa najilisha. Kumbe Babu alipanda karo ya tumbo langu hata kabla sijaota jino. Labda uliona si adabu mtoto kujua kuwa ana mali. Labda ni kweli. Lakini adabu hiyo ndiyo ilikuwa inapeleka chenso bondeni.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Nilikuwa nahesabu vitu, si fedha, vitu. Kamba ya kisimani kwetu ni makumbi ya minazi ile, Bibi kaisokota. Ua wa bafuni ni makuti yake. Mimi nilipougua matumbo nikiwa darasa la tano, Mama alinipa dafu siku tatu, sikupewa kitu kingine, nikapona. Shuleni, kwa Kiingereza, tunda hili wana neno moja tu, liwe changa liwe kavu. Kwetu kuna kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, mbata. Majina sita! Nilimwambia Shangazi, akasema kama yangekuwa matatu tu angeniacha nikubali.

Na mbao? Mbao za mnazi ni nzuri, sikatai, hazichezewi na mchwa kirahisi zile za shina la chini. Lakini mbao unapata mara moja. Ukishapasua umemaliza. Baba Mdogo anasema tutapanda mingine. Sawa, apande. Akiipanda kwa mikono yake na ikazaa, basi aje akate hiyo.

Sasa sehemu ya kukutetemesha.

Jana Shangazi alimpigia Baba Mdogo, akamwambia anataka mbao za kibanda cha vitumbua, akapewa namba ya yule bwana. Uongo huo ni wake, usinihesabie. Kisha akanipa simu inaita, akaingia chooni akafunga mlango, makusudi, nisipate wa kumwangalia anisemee.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Mimi kimya.

"Haloo! Kama maneno hujayanunua, kata basi!"

"Shikamoo," nikasema. "Mimi Sauda. Wa Kisarawe. Wa minazi."

"Marahaba. Minazi ipi, binti? Mimi nina minazi ya watu wengi."

"Kumi na miwili. Ya bondeni. Usije Ijumaa."

"Ah, baba yako kanipa mkono."

"Baba kakupa mkono wake. Minazi ni yangu, na mimi sijakupa."

"Si ulikuwepo pale? Si ulikubali?"

"Ulinisikia nikikubali?"

Akanyamaza yeye sasa. Nikasikia anakohoa. Halafu akasema, polepole, "Kwa kweli sikusikia kitu. Na mimi niliuliza."

"Uliuliza, nashukuru. Jibu ndilo hili. Nimechelewa tu."

Akacheka sana, lakini si kwa ubaya. "Haya binti. Mimi mnazi wenye maneno siukati, huwa unaangukia upande usiotakiwa. Malizaneni huko kwenu, mkielewana mtaniita."

Alipokata nikakaa chini, pale pale kwenye makumbi. Shangazi alikuwa anapiga vigelegele chooni.

Kwa hiyo Ijumaa hatakuja. Nakuandikia ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Baba Mdogo, maana yeye atalipaka rangi. Atasema nimekuvunjia heshima mbele ya mgeni. Baba, kwa kukutangulia, nisamehe, napiga magoti huku niliko. Kwa kukataa, siombi msamaha. Radhi yako naihitaji, usininyime, lakini hata nikiwa naililia jibu langu litabaki lile lile.

Na sitaki uone nimekuwa mchoyo. Katika hiyo kumi na miwili, ule mnazi wa karibu na kisima, ulioanguka kichwa kwa upepo, hauzai tena na hautazaa. Huo nakupa wewe. Nakupa kwa mdomo wangu, na kwa mkono huu unaoandika, hakuna haja ya kunitazama usoni kukisia. Hautatosha kenchi, lakini utatosha mlango wa chumba cha Bibi na kitanda cha Mama, alale mguu umenyooka. Yule bwana akitaka aje kwa huo mmoja, aje.

Bati sikatai. Siku ukiweza kulipata bila kuua bonde, tutalipandisha wote, nami nitashika ngazi. Kwa sasa najua nyumba inavuja upande wa Bibi. Shule ikifunga nitasuka makuti mwenyewe mpaka vidole viote sugu, ya upande ule wote.

Leo pia nimemwambia Neema. Nilikuwa sijapanga, limetoka tu wakati wa mapumziko. "Kwetu hakuna bati la bluu. Ni makuti." Akanitumbulia macho. "Kumbe umeniongopea muda wote huo!" Nikasema, "Nimekuongopea." Nilidhani atawaita wenzake. Akauliza tu, "Sasa kule ndani hakuna joto?" Nikamwambia hakuna. Akasema kwao Pangani chini ya bati mchana wanakaa nje kama kuku. Basi ndiyo hivyo. Nilikuwa nimebeba aibu ya mtu ambaye naye anakimbia nyumba yake saa saba.

Alhamisi nikitoka shule nakuja. Nimeshamwomba Shangazi ruhusa, amenipa na nauli. Ijumaa baada ya sala, Baba Mdogo akitaka tukae tena kwenye mkeka, tukae. Ila safari hii sikai pembeni. Niketisheni mbele, mniulize, mningoje. Mimi ni mzito wa kusema, si mpungufu wa akili. Nikichelewa msinijazie. Kunyweni chai, kohoeni, tazameni kuku, lakini mningoje mpaka niseme.

Nisalimie Mama, mama wa maneno machache kama mimi, umuulize, ukipata wasaa, kama kweli alikubali siku ile ya posa au alikuwa anaogopa tu. Nataka kujua, simchokozi. Nisalimie Bibi, mjane wa marehemu Babu. Yeye alikuwepo siku ya arubaini yangu na alisikia nilivyopewa minazi, mkibishana mwulizeni. Mama Rukia aliyekuletea barua hii mpatieni maji, ametoka mbali. Shangazi anawasalimu wote, anasema gunia la mwezi huu mlijaze vizuri, mwenye mali anakula sana siku hizi.

Na Baba Mdogo Ramadhani naye msalimie kwa heshima zote, shikamoo yake usiisahau. Msomee barua hii yote, usiruke mahali. Akikuuliza, "Sasa huyu mtoto anataka nini?" mwambie ameshasema. Na tangu leo, nikinyamaza mbele yenu, hesabuni kwamba bado sijajibu.

Mwanao anayekupenda na aliyekataa,

Sauda