Siku ya Pili ya Plasta

Jumatatu, 3 Machi

Mazoezi ya vidole, mara ishirini, kabla ya chai. Kidole cha shahada kinasogea kidogo. Vingine vimejikunja vile vile. Naandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko ni wa mtoto wa nasari lakini unasomeka.

Wakili alipiga simu kutoka mjini Wote. Kliniki imejibu barua yake. Wanasema plasta waliifunga sawasawa, na niliporudi siku ya pili walinishauri ikatwe, mimi nikakataa. Nikakataa! Mimi niliyelia pale kwenye benchi, vidole vimevimba, nikiomba mtu yeyote aifungue.

Anataka kitabu changu cha hospitali. Kile cha kurasa thelathini na mbili tunachonunua dukani kabla ya kumwona daktari. Yeye anaandika, sisi tunarudi nacho nyumbani. Wakili anasema tukionyesha kwamba siku ya pili hawakuandika habari ya kukataa, wameumbuka. Bila hicho ni neno langu dhidi ya lao.

Sikumwambia kitabu kiko wapi. Nimeona haya.

Jumatano, 5 Machi

Nisijidanganye hata humu. Kitabu kilichomwa.

Novemba nilianguka nikishuka kutoka Nunguni na ndoo ya parachichi. Mkono wa kulia ukavunjika. Wakanifunga plasta. Ilipotolewa baada ya wiki mbili, mkono haukuwa wangu tena. Januari, daktari wa mifupa akanieleza. Plasta ilibana, misuli ikakosa damu. Ingekatwa siku ile ya pili, leo ningekuwa kwenye cherehani nashona yunifomu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa maombi ya wagonjwa. Pasta akasema wenye karatasi za hospitali wazilete mbele. Ripoti ya daktari iishe, tubaki na ripoti ya Bwana. Zikatiwa kwenye pipa nje ya kanisa, zikawashwa, tukaimba. Changu kikaenda pia. Niliimba kwa nguvu. Niliamini vidole vitafunguka kabla sijafika nyumbani. Mjinga mimi.

Lakini mbona iwe Jumapili ile ile? Mwenye kliniki ni mzee wa kanisa letu, anakaa kiti cha mbele. Habari za daktari wa mifupa niliwaambia watu wawili tu. Baba Mumo, mume wangu. Na Mama Ndinda, tunayeshona naye duka moja hapa Mukuyuni. Baba Mumo si mtu wa domo. Mama Ndinda ni mhudumu wa kanisa, na siku ile ndiye aliyesimama kwenye pipa.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 9 Machi

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu nani anamnong'oneza nani.

Mwenye kliniki alinisalimia mlangoni. Alinyoosha mkono wa kushoto ili anishike wangu wa kushoto. Alikuwa amefikiria mapema jinsi ya kunisalimia. Nilichukia upole wake.

Nikamwuliza Pasta nani alimpa wazo la pipa. Akasema hufanya hivyo kila maombi ya wagonjwa, hata kabla sijahamia kanisa hili. Kisha akaniuliza imani yangu imeenda wapi. Nimemwuliza swali moja, amejibu lingine.

Jumanne, 11 Machi

Wageni. Mwenye kliniki na wazee wawili. Sukari, mafuta ya kupikia, leso mbili. Maombi marefu. Halafu karatasi. Kwamba tumesameheana kama ndugu katika Bwana na hakuna atakayemdai mwenzake lolote.

Nikawaambia mkono wa kuume hauwezi kutia sahihi, na wa kushoto bado unajifunza. Mzee mmoja alicheka, kisha akakumbuka si mzaha.

Walipoondoka Baba Mumo alinifokea. Unataka kushtaki kanisa nzima? Miaka kumi na nne ya ndoa, sijamsikia akipandisha sauti hivyo.

Jambo moja. Kalamu ilikuwa mezani kabla wageni hawajabisha. Nyumba hii ina kalamu moja, hii ninayoificha pamoja na daftari hili. Ile ilikuwa mpya.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya vibaya leo.

Nilimvaa Mama Ndinda dukani mbele ya wateja. Nikamwita mpelelezi. Nikasema aliuza siri yangu na kuuchoma ushahidi wangu kwa mikono yake. Alitoa futi ya kupimia shingoni, akaiweka mezani, akasubiri nimalize.

"Mama Mumo, hata haukutoka kwa kiti siku hiyo," akasema. "Ni bwanako alileta hiyo kitabu. Pasta hajamaliza hata kuongea, yeye ashafika mbele."

Ni kweli. Nakumbuka akifungua mkoba wangu. Niliona ni imani. Nilijivunia mume wangu mbele ya watu.

Sikumwomba Mama Ndinda msamaha.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemtazama Baba Mumo akila. Isyo yote kwenye sahani, mahindi na maharagwe, mpaka punje ya mwisho. Hakuinua macho.

Naogopa kumwuliza.

Jumanne, 18 Machi

Wakili aliwabana watu wa kliniki, kwamba sheria inanipa haki ya kuona rekodi zangu. Wametuma picha ya ukurasa wa rejista yao. Imeandikwa kwa Kizungu. Akanisomea kwa Kiswahili, polepole, mara mbili. "Tumeshauri plasta ikatwe. Mume amekataa."

Barua yao ilisema mgonjwa. Rejista inasema mume.

Nilimwambia wameghushi. Akanitumia picha kwenye simu. Nimeikuza mpaka herufi zikapasuka. Nilitaka mstari ule uwe umebanwa katikati ya mingine, au wino uwe tofauti. Haujabanwa. Juu kuna mtoto wa homa, chini kuna mama wa kliniki ya wajawazito, mwandiko ni ule ule.

Jumatano, 19 Machi

Nilimfuata Baba Mumo shambani mchana. Alikuwa akiinua matuta kabla ya mvua. Nikamwonyesha simu. Akaweka jembe chini.

Akasema daktari wa kliniki alimwita kando siku ile ya pili, ukumbini. Akamwambia plasta ikikatwa mfupa unaweza kuhama, itabidi uvutwe upya. Hakumwambia mkono unaweza kufa. Basi yeye akasema iachwe. Siku ya kwanza alisikia mayowe yangu akiwa nje, asingeweza kuyasikia tena. Alipojua kosa lilikuwa kubwa kiasi gani, akaona heri kitabu kiteketee. Alidhani kimeandikwa jina lake.

Nilitaka kumhurumia. Kisha nikakumbuka siku yenyewe. Alhamisi ile ndiyo waliyopeleka mbuzi watatu wa ntheo, wa kufunga uchumba, huko Nuu, kwa wazazi wa msichana aliyekuwa anachumbiwa na ndugu ya Baba Mumo. Gari lilikuwa linamsubiri barabarani. Mbuzi wa ntheo hawachelewi, ni aibu kwa ukoo mzima.

"Na mbuzi?" nikamwuliza.

Aliokota jembe, akakwangua udongo kwa kidole.

"Na mbuzi," akasema.

Nilikuwa kwenye benchi, hatua sita kutoka pale waliposimama. Na masikio yangu. Na mdomo wangu. Daktari alinipita akaenda kumwuliza mwenye mke. Nina hasira na wote wawili na sijui nianze na nani.

Alhamisi, 27 Machi

Wote, ofisini kwa wakili, mimi na Baba Mumo. Nilidhani atasema kesi imekufa. Anasema imesimama. Mimi ni mtu mzima, nilikuwa macho, akili timamu. Walipaswa kuniuliza mimi, na kunieleza hatari. Lakini ili ithibitike, Baba Mumo aseme kwa mdomo wake kwamba aliulizwa peke yake, kwamba hakuambiwa hatari, kwamba mkewe hakujua. Na habari ya pipa pia. Mbele ya hakimu, mwenye kliniki akiwa amekaa pale, na nusu ya kanisa nyuma.

Niliondoa macho kwa mume wangu. Nilijua atakataa. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia akikataa.

Aliomba maji. Kisha akaeleza, wakili akiandika. Nilisoma kila mstari kabla hajatia sahihi, kwa sababu simwamini. Hakuficha kitu. Hata mbuzi wamo.

Jioni nilipitia dukani, nikamwomba Mama Ndinda msamaha. Akasema sawa, akaendelea kupinda pindo. Bado ana kinyongo. Ni haki yake.

Jumanne, 8 Aprili

Kitui, kwa daktari wa upasuaji. Mvua njia nzima. Baba Mumo alibeba bahasha ya picha za eksirei ndani ya koti.

Daktari alinyoosha vidole vyangu kimoja kimoja. Anaweza kuhamisha kano mbili za misuli, labda nishike kijiko, labda mkasi. Labda pia isisaidie. Alisema hayo yote akiwa amemtazama Baba Mumo. Akamwuliza, "Sasa mzee, tumwandikie siku ya operesheni?"

Baba Mumo alitazama sakafu.

"Muulize mwenye mkono," akasema.

Daktari akageuza kiti. Nikamwambia aanze upya, anieleze mimi, na asiache lolote baya. Akaeleza. Nikauliza maswali mengi, mengine mara mbili. Aliponiuliza nimeamua nini, nikamwambia bado nafikiria. Nitampigia Jumatatu.